Agano Jipya: Je, Agano Lililovunjwa Hufa?



Mkatekumeni akiulizwa, “Agano Jipya ni nini?” mara nyingi hujibu upesi, “Ni sehemu ya pili ya Biblia.” Jibu hilo si la uwongo. Vitabu 27 vya mwisho vya Maandiko Matakatifu huitwa kwa jina hilo. Lakini kitabu kimepewa jina la jambo lililo kubwa kuliko kitabu, kama vile cheti cha ndoa kinavyopewa jina la ndoa. Karatasi si ndoa. Hali kadhalika Agano Jipya lilikuwapo kabla Mtakatifu Mateo na Mtakatifu Luka hawajashika kalamu. Lilifungwa usiku mmoja mezani, likatimizwa kesho yake msalabani.

Basi yatupasa tulijue jambo lenyewe, kwa maana siku ya Ubatizo hamtaingia katika kitabu; mtaingia katika agano. Na mtu mwenye akili haingii katika agano asilolijua. Atauliza: limefungwa na nani? Kwa damu ya nani? Lanidai nini? Na likivunjwa, itakuwaje? Swali hilo la mwisho ndilo tutakalolitafakari leo, kwa sababu ndani yake yamo maswali yote mengine: agano likivunjwa, je, limekufa?

1. Agano si mapatano ya kazi

Tuanze na mambo tuyajuayo. Mkulima wa Kibumba apatana na kijana mwenye chukudu ampelekee magunia ya viazi sokoni Goma. Wataja bei, kijana ateremsha mzigo, alipwa, kila mtu ashika njia yake. Hayo ni mapatano. Yahusu kitu na bei. Kazi ikiisha, mapatano nayo yamekwisha. Kijana asipofika, mkulima atamtafuta mwingine, wala hatalia machozi.

Agano ni jambo jingine. Agano halibadilishi kitu kwa kitu, bali huunganisha mtu na mtu. Wazee wetu walilijua jambo hili barabara. Katika nchi hizi za maziwa makuu watu wawili wasiozaliwa tumbo moja waliweza kufanywa ndugu kwa kuchanjiana. Wasemao Kinyarwanda waliita kunywana, kwa sababu kila mmoja alikunywa damu ya mwenzake. Tangu siku ile nyumba ya huyu ilikuwa nyumba ya yule. Adui wa huyu hakuweza kuwa rafiki wa yule. Hata wageni walifuata desturi hiyo. Mwaka 1876 msafiri Stanley alichanjiana na Mirambo, mtemi mwenye nguvu wa Unyamwezi, ili pasiwe na vita kati yao.

Tena wazee hawakufunga agano bila laana. Maneno mazito yalitamkwa juu ya wale wawili, kwamba atakayemsaliti ndugu yake, damu ile ile aliyoinywa imdhuru. Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu walimjua mwanadamu. Walijua kwamba mapendo ya leo huweza kupoa kesho. Kwa hiyo waliweka hofu mlangoni pa agano, iwe mlinzi wake.

Sisi Wakristu hatuchanjiani tena, kwa maana tunayo damu nyingine, wala hatuweki tumaini letu katika laana. Lakini tusiwadharau wazee. Walitufundisha mambo matatu ya kweli: ya kwamba agano huunganisha watu, ya kwamba lataka damu, na ya kwamba kulivunja ni jambo la kufa na kupona.

2. Mungu anafunga agano kwa lugha ya watu

Mwenyezi Mungu, katika wema wake, alitaka kusema na watu kwa lugha waijuayo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 15, chatusimulia jinsi alivyomwagiza Abrahamu achukue ndama, mbuzi na kondoo, awapasue katikati, aviweke vipande vikielekeana. Katika nchi zile waliofunga agano walipita kati ya vipande vya namna hiyo, kana kwamba kila mmoja asema: nikilivunja agano hili, na yanipate yaliyompata mnyama huyu.

Sasa angalieni ajabu. Jua lilipotua, Abrahamu alishikwa na usingizi mzito. Kisha tanuru lenye moshi na mwenge wa moto, alama za Mungu mwenyewe, vikapita kati ya vipande. Abrahamu hakupita. Mungu peke yake ndiye aliyepita. Ni kana kwamba mtu mkuu na mtu maskini wachanjiana, na yule mkuu asema, “Laana ya agano hili naitwaa mimi peke yangu.” Lishikeni jambo hili moyoni, tutalirudia.

Baadaye, mlimani Sinai, Mungu alifunga agano na taifa zima la Israeli. Musa alichinja wanyama, akanyunyiza nusu ya damu juu ya altare, na nusu juu ya watu, nao wakaahidi kutii. Amri za Mungu ziliandikwa juu ya vibao viwili vya mawe. Sisi wa Goma twayajua mawe. Twajenga juu ya mawe meusi yaliyomiminwa na mlima Nyiragongo, na twajua jinsi yanavyodumu. Lakini jiwe lina upungufu wake. Laweza kumwonyesha mtu njia. Haliwezi kumpa nia ya kuifuata. Musa alikuwa angali mlimani, na huku chini watu walikwisha kujitengenezea ndama wa dhahabu. Midomo iliyoahidi kutii ilikuwa haijakauka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karne nyingi: Mungu alishika agano, watu wakalivunja; Mungu akatuma manabii, watu wakawapiga.

3. Tusiwacheke Waisraeli

Labda mtu atasema, “Waisraeli walikuwa na shingo ngumu.” Ndiyo, lakini tusiwacheke. Mji wetu wa Goma umeona karatasi nyingi za amani. Mwezi wa Januari 2008 serikali na vikundi vyenye silaha walitia sahihi hapa Goma ahadi ya kuacha vita. Kabla mwaka haujaisha, watu wa Rutshuru na Masisi walikuwa tena barabarani, magodoro vichwani na watoto migongoni. Tarehe 23 Machi 2009 karatasi nyingine ilitiwa sahihi papa hapa. Mwaka 2012 vita vilizuka tena, na kundi lililoshika silaha likajiita kwa tarehe ya karatasi hiyo, likisema kwamba haikutimizwa. Mnajua wenyewe ya kwamba hata hiyo haikuwa vita ya mwisho.

Si kazi ya ukurasa huu kuamua kesi za wakubwa. Twatafuta fundisho la roho. Fundisho ni hili: kila agano la watu linapovunjika, kila mmoja husema, “Mwenzangu ndiye aliyelivunja kwanza, basi mimi nimefunguliwa.” Ndivyo wasemavyo wenye bunduki. Ndivyo wasemavyo pia ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba, na mume na mke waliochokana. “Umevunja, nami nimefunguliwa.” Hiyo ndiyo sheria ya mapatano.

Fikirini sasa: kama Mungu angalitumia sheria hiyo juu yetu, nani angalisimama? Mkatekumeni, jiulize wewe mwenyewe. Je, angalikusubiri mpaka leo?

4. Upya wa Agano Jipya

Karibu miaka 600 kabla ya Kristu, mji wa Yerusalemu ulipokuwa unaelekea kuangamizwa, nabii Yeremia alitangaza neno la ajabu. Wakati ambapo kila mtu angaliweza kusema, “Agano limekufa, tumeliua sisi wenyewe,” yeye alisema kwamba Mungu atafunga agano jipya. Halitakuwa kama lile la zamani. Sheria yake haitaandikwa juu ya mawe, bali ndani ya mioyo. Na Mungu atasamehe dhambi za watu wake, asizikumbuke tena. Someni wenyewe sura ya 31 ya kitabu chake.

Neno hilo lilitimizwa lini? Usiku wa Alhamisi Kuu Bwana wetu Yezu Kristu alitwaa kikombe, akawaambia mitume kwamba kikombe kile ni agano jipya katika damu yake. Hakuchinja ndama wala kondoo. Yeye mwenyewe ndiye Mwana-Kondoo. Kesho yake mwili wake ulipasuliwa kwa mijeledi, misumari na mkuki.

Sasa rudini kwa Abrahamu. Nani alipita kati ya vipande? Mungu peke yake. Nani alilivunja agano? Sisi. Na laana ya agano lililovunjwa ilimwangukia nani? Ilimwangukia yeye asiyelivunja. Mungu aliyeitwaa laana usiku ule wa Abrahamu aliilipa Kalvario. Hapa ndipo upya wote ulipo, ndugu zangu. Katika maagano ya watu, aliyesaliti ndiye afaye. Katika Agano Jipya, aliyesalitiwa ndiye aliyekufa, ili aliyesaliti apate kuishi.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: Agano Jipya halifi tunapolivunja, kwa kuwa halikusimamishwa juu ya uaminifu wetu, bali juu ya uaminifu wa Kristu, naye amefufuka, hafi tena. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mjini na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Jengo liliangamia, lakini watu wa agano hawakuacha kuwa watu wa agano, kwa sababu agano lao halikuwekwa katika kuta.

5. “Basi, kwa nini niache dhambi?”

Katika mafundisho, mkatekumeni mmoja aliuliza swali linalostahili kujibiwa vema. Alisema, “Mwalimu, kama agano hili halifi hata nikilivunja, kwa nini nijisumbue? Wazee waliogopa laana, kwa hiyo walishika agano. Mkituondolea laana, nani atalishika?”

Ni swali zito, tena la zamani. Mtakatifu Paulo alilijibu zamani katika waraka wake kwa Warumi, akalikataa kabisa. Sisi nasi tulijibu kwa mambo mawili.

Jambo la kwanza. Agano halifi, lakini mtu aweza kutoka na kukaa nje yake. Baba akiacha mlango wazi usiku kucha, mwana apendaye kulala porini atalala porini, na fisi hawatamuuliza kama mlango ulikuwa wazi. Mungu humwacha mtu huru. Atendaye dhambi ya mauti na kukataa kutubu hajaliua agano la Mungu. Amejiua nafsi yake. Ndiyo maana Kanisa lina Sakramenti ya Kitubio. Aliyebatizwa akianguka, habatizwi mara ya pili, kwa maana agano lipo bado. Hurudi, hukiri dhambi zake, husamehewa.

Jambo la pili. Hofu ni mlinzi asimamaye nje. Hulinda pale tu mtu anapoonekana. Mwizi aogopaye askari huiba askari akilala. Lakini sheria iliyoandikwa moyoni haina usiku. Mjane akiuza shamba lake la pekee ili kumlipia mwanawe deni na kumtoa kifungoni, je, mwana mwenye akili atasema, “Vizuri, nikakope tena”? Akisema hivyo, bado hajafahamu ni shamba gani lililouzwa. Aliyefahamu hahitaji laana. Machozi ya mama yake yamekwisha kumwandikia sheria moyoni. Msalaba watufanyia hivyo. Na zaidi ya hayo, Roho Mtakatifu tunayempokea hutupa nguvu ya kutenda yale ambayo jiwe liliyaamuru tu.

6. Sheria iliyoandikwa moyoni: Mwenyeheri Floribert

Msidhani kwamba hayo ni maneno ya vitabuni tu. Mungu alituonyesha mfano katika mji wetu wenyewe.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, akawapenda maibobo, yaani watoto wa barabarani, na kuwasaidia wapate masomo. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Chakula kilicholetwa kutoka nje, yeye alikuwa miongoni mwa wanaopaswa kuamua kama chafaa kuliwa. Basi kililetwa chakula kilichoharibika, na watu wakataka akiache kipite. Walimwahidi fedha. Floribert alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tafakarini jambo hili. Kama angalizipokea fedha zile, nani angalijua? Chakula kingaligawanywa sokoni. Mtoto fulani wa Ndosho au wa Katindo angaliugua, mama yake angalisema ni homa, na hakuna ambaye angalilitaja jina la Floribert. Sheria ya jiwe isingaliona. Lakini ndani yake palikuwa na sheria nyingine. Hao ambao wangalikula chakula kile hakuwajua. Walikuwa wa kila kabila na kila dini. Lakini alikuwa amekunywa damu ya Kristu iliyomwagwa kwa ajili yao pia. Wazee wetu walijua kwamba mtu hamlishi sumu ndugu aliyechanjiana naye. Floribert alijua kwamba kwa damu ya Kristu amechanjiana na mji mzima.

Baba Mtakatifu Fransisko, alipoizuru nchi yetu mwaka 2023, aliwasimulia vijana habari zake mjini Kinshasa. Tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa Mwenyeheri mfiadini huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Twaona basi ya kwamba Agano Jipya halikulegeza sheria. Limeichukua sheria kutoka kwenye jiwe, mahali ambapo mtu aweza kuipita na kuiacha nyuma, likaiweka moyoni, mahali ambapo mtu huenda nayo hata ofisini, hata gizani, hata mbele ya fedha.

7. Damu isiyodai damu

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote katika nchi yetu. Damu ya Abeli, ndugu aliyeuawa na ndugu, ilimlilia Mungu kutoka ardhini. Tangu siku hiyo kila damu yataka damu nyingine. Ni familia ngapi katika milima yetu zinazotunza hesabu ya wafu wao, zikingojea siku ya kulipwa? Waraka kwa Waebrania wafundisha kwamba damu ya Yezu yasema mambo mengine kuliko ile ya Abeli. Haisemi “lipiza.” Yasema “samehe.”

Anuarite, sista wa Kikongo, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua. Yeye naye alitangazwa Mwenyeheri, mjini Kinshasa, mwaka 1985. Alishika agano pande zote mbili: kwa Mungu kwa uaminifu, na kwa adui kwa msamaha.

Mtu aweza kuuliza, “Je, kusamehe ni kusema kwamba ubaya ni wema?” La hasha. Aliyeibiwa shamba aweza kudai shamba lake mbele ya baraza. Aliyeua apaswa kuhukumiwa, ili asiue tena. Agano Jipya halikatazi haki, lakataza kisasi. Mwenye kudai haki ataka ubaya ukome. Mwenye kulipiza kisasi ataka ubaya ugeuze tu mkono. Na yeye asemaye, “Jirani amevunja, nami nimefunguliwa,” akumbuke kwamba Mungu hakumwambia hivyo.

8. Maswali ya kukumbuka

S. Agano Jipya ni nini?
J. Ni umoja wa Mungu na watu, ambao Yezu Kristu aliufunga kwa damu yake mwenyewe.

S. Laitwa jipya kwa nini?
J. Kwa sababu Mungu aliichukua juu yake laana ya agano tulilolivunja, na kwa sababu sheria yake huandikwa moyoni na Roho Mtakatifu.

S. Mtu aingiaje katika agano hilo?
J. Kwa imani na Ubatizo.

S. Alishwaje ndani yake?
J. Kwa Ekaristi takatifu, yaani Mwili na Damu ya Kristu.

S. Akilivunja kwa dhambi, agano limekufa?
J. Halikufa. Atubu, aende kuungama, arudi nyumbani.

Ndugu wakatekumeni, mnapohudhuria Misa siku ya Dominika, bado hamjaruhusiwa kukaribia meza ya Bwana. Msihuzunike. Padri anapokiinua kikombe, kitazameni kwa macho ya imani, mkisema moyoni: hii ndiyo damu itakayonifanya ndugu wa wote waliomo humu, hata yule ambaye jamaa yake na jamaa yangu hawasalimiani. Kisha kabla ya siku ya Ubatizo kila mmoja atafute agano moja alilohesabu kuwa limekufa, la ndoa, la ndugu, la jirani, aende kubisha hodi. Pengine hatafunguliwa mara ya kwanza. Hata hivyo aende, kwa maana Bwana wetu alibisha mlangoni petu mara nyingi kabla hatujamfungulia.